Tuzo ya Kicheko

Binadamu huzaliwa akilia, na kucheka hujifunza baadaye. Labda hii ndiyo sababu machozi yamepewa heshima kubwa kuliko kicheko. Mtu aliaye matangani hupewa kiti. Mtu achekaye mbele ya wazee huulizwa adabu zake zimekwenda wapi. Desturi hiyo imeingia hata katika fasihi. Kitabu cha huzuni husifiwa kwamba ni kizito. Kitabu cha kuchekesha hununuliwa, huazimwa, hupokezanwa mkono kwa mkono mpaka jalada lake likachakaa. Lakini siku ya kugawa tuzo ikifika, aghalabu waamuzi hukisahau. Katika insha hii nataka kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki. Nitauliza kwa kutazama tuzo moja ya Kenya na mwandishi ambaye tuzo hiyo imeitwa kwa jina lake. Kisha nitakwenda mpakani, katika miji ya Busia na Malaba, ambako kijana mwenye macho makini aweza kuokota kicheko njiani kila siku.

Tuanze na mwandishi. Wahome Mutahi alizaliwa Nyeri mwaka 1954, akafariki mwezi wa Julai mwaka 2003. Kwa miaka mingi aliandika makala ya kila Jumapili katika magazeti ya Kenya chini ya jina la Whispers, yaani Minong'ono. Makala hayo yalikuwa na familia ambayo wasomaji waliijua kama wajuavyo jirani zao. Alikuwamo Whispers mwenyewe, mume mwenye majivuno mengi na fedha kidogo. Alikuwamo mkewe, Thatcher, aliyeitwa kwa jina la mwanamke aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza tangu mwaka 1979 hadi 1990. Walikuwamo mwanawe wa kiume, Whispers Junior, na binti yake Pajero, aliyepewa jina la gari la fahari. Tena alikuwako mama yake mzazi, Appepklonia, aliyemtazama mwanawe kwa jicho la mzazi asiyedanganyika. Mara nyingi Whispers alikusudia kuwa bwana wa nyumba yake, na mara nyingi makusudio hayo yalivunjika kabla ya chakula cha usiku.

Kwa msomaji wa haraka haya ni mambo madogo. Lakini hatuna budi kukumbuka miaka yenyewe. Tangu mwaka 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na kumtaja mkubwa kwa neno lisilompendeza kulikuwa hatari. Katika wakati kama huo, mtu aliyesoma habari za mume anayetangaza kwamba yeye ndiye mwenye amri, huku akiingia nyumbani kwa kunyatia ili mkewe asimsikie, aliweza kumfikiria mwenye amri mwingine. Mutahi hakulazimika kumtaja mtu. Alikiweka kiburi uchi sebuleni mwake mwenyewe, akamwachia kila msomaji akitambue mahali pengine. Huu ndio ustadi wa kwanza wa mchekeshaji: hutoa nusu ya habari, na nusu iliyobaki huitoa msomaji kwa kucheka.

Kazi ya namna hii haikumwacha salama. Mwaka 1986, wakati serikali ilipokuwa ikiwasaka watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa kundi la siri lililoitwa Mwakenya, Mutahi alikamatwa akahukumiwa kifungo. Alipotoka aliandika riwaya iliyoitwa Three Days on the Cross, maana yake Siku Tatu Msalabani. Ilitoka mwaka 1991, nayo yaeleza habari za watu wanaokamatwa na kuteswa na serikali inayowaogopa raia wake. Mwaka 1992 ilifuata The Jail Bugs, yaani Kunguni wa Gerezani. Halafu mwaka 1996 kilitoka kitabu chake cha mzaha juu ya tabia za wananchi wenzake, How to be a Kenyan, ambacho twaweza kukiita Namna ya Kuwa Mkenya. Pamoja na vitabu hivyo alitunga michezo ya kuigiza kwa lugha ya Kikuyu, akaicheza na wenzake katika mabaa na mahoteli, mahali ambapo mtu asiyewahi kuingia katika jumba la maigizo aliweza kuketi na kuangalia.

Sasa na tutazame jambo la ajabu. Kenya ina Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza mwaka 1974. Mwaka 1992 tuzo hiyo ilimwendea Wahome Mutahi. Lakini haikumwendea kwa sababu ya Whispers na Thatcher, waliowachekesha watu nchini Jumapili baada ya Jumapili. Ilimwendea kwa Three Days on the Cross, kitabu cha mateso. Mtu aliyekuwa bingwa wa kicheko alitambuliwa na taifa siku alipoliza watu. Wala yeye hakuwa wa kwanza. Tuzo hiyo ilipotolewa mwaka 1974, kwa upande wa Kiswahili alipewa Abdilatif Abdalla kwa diwani yake Sauti ya Dhiki, aliyoitunga akiwa kifungoni. Vitabu hivyo viwili vilistahili sifa, na sisemi neno dhidi yake. Nasema tu kwamba waamuzi wetu wana sikio jepesi la kusikia kilio, na kwamba sikio la pili, la kusikia kicheko, halijafunzwa.

Baada ya Mutahi kufa, wachapishaji wa vitabu wa Kenya walianzisha tuzo ya kumkumbuka. Iliitwa Tuzo ya Fasihi ya Wahome Mutahi, nayo ilipangwa ipokezane zamu na ile ya Jomo Kenyatta, mwaka mmoja hii, mwaka wa pili ile. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na mshindi alikuwa Onduko bw'Atebe kwa riwaya yake The Verdict of Death. Jina hilo maana yake ni Hukumu ya Kifo, na msomaji akubali kwamba si jina la kumfanya mtu aanze kutabasamu. Kitabu hicho kilishinda kwa haki, maana tuzo haikuwa na sharti la kuchekesha. Ilikuwa tuzo ya fasihi kama tuzo nyingine, iliyovikwa jina la mchekeshaji. Hapa ndipo nilipo na ugomvi nayo. Mtu akifa akiwa fundi wa jahazi, nasi tukaweka zawadi kwa jina lake, kisha tukampa zawadi hiyo mjenzi bora wa nyumba, hatukumdhulumu mjenzi. Lakini fundi wa jahazi tumemkumbuka nusu, na vijana wapendao bahari hatukuwaambia lo lote.

Nchi nyingine zimefanya vingine. Stephen Leacock alikuwa mwalimu wa elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, na pamoja na uchumi wake aliandika vitabu vya kuchekesha vilivyosomwa mbali na kwao. Alikufa mwaka 1944. Mwaka 1947 ilianza kutolewa nishani kwa jina lake, na nishani hiyo ina sharti moja lililo wazi: ni ya kitabu cha kuchekesha kilichoandikwa na Mkanada. Uingereza nayo ilianza mwaka 2000 kutoa tuzo ya riwaya za kuchekesha kwa jina la P. G. Wodehouse, na miongoni mwa heshima apatazo mshindi ni nguruwe mmoja kuitwa kwa jina la kitabu chake. Msomaji aweza kudhani kwamba tuzo yenye nguruwe ni mzaha mtupu. Sivyo. Mwaka 2018 waamuzi wake walisoma vitabu vyote walivyoletewa, wakakataa kumpa mtu ye yote, kwa kuwa hakuna hata kimoja kilichowafanya wote wacheke kwa sauti. Watu wanaoweza kuzuia tuzo kwa sababu hiyo wanaichukua kazi ya kuchekesha kwa uzito kuliko sisi.

Kitabu cha Leacock kinachokumbukwa sana kilitoka mwaka 1912. Chaeleza maisha ya mji mdogo aliouita Mariposa. Mji huo ni wa kubuni, lakini watu wa Orillia, mji mdogo ambao mwandishi aliujua vizuri, walijiona ndani yake kama mtu ajionavyo katika kioo. Nataka tulishike jambo hili. Mwandishi huyo hakwenda kutafuta kicheko katika miji mikuu ya dunia. Alikitafuta mahali ambapo kila mtu ajua mwenziwe ana deni la nani, na ambapo habari ya asubuhi imekwisha kuwa hadithi jioni. Kama ni hivyo, Kenya nayo haina haja ya kungoja Nairobi ichekeshe taifa zima. Tuna Mariposa zetu, na mbili kati yake ziko mpakani mwa Uganda.

Tazama kwanza majina. Upande wa Kenya kuna mji uitwao Busia, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, kuna mji mwingine uitwao Busia. Upande wa Kenya kuna Malaba, na ng'ambo ya mto kuna Malaba. Mgeni akiambiwa, "Tukutane Busia," hana budi kuuliza nchi. Tazama tena historia. Hadi mwaka 1902 sehemu hizi zilihesabiwa kuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamisha eneo hilo likawa upande wa utawala uliokuja kuitwa Kenya. Kwa hiyo mzee wa Kiteso aliyekuwa na kibanda chake hapa aliweza kulala katika nchi moja na kuamka katika nchi nyingine bila kugeuka kitandani. Ndugu zake wa ng'ambo walibaki walipokuwa. Wateso wako pande zote mbili mpaka leo, na Wasamia vilevile. Shangazi wa ng'ambo akialikwa arusini, huja kwa jamaa zake kwa mwendo wa miguu, na kwa mujibu wa sheria amekwenda nchi za kigeni.

Tazama mwisho neno ambalo mahali hapa pameizawadia Afrika Mashariki yote. Kati ya kituo cha ukaguzi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho msafiri alipaswa kukipita na mizigo yake, naye alikuwa ameachwa na gari upande mmoja na gari lingine linamngoja upande wa pili. Vijana wa Busia waliona shida hiyo wakaigeuza riziki. Walifunga kiti laini nyuma ya baiskeli, wakasimama njiani wakiwaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakalitamka kwa namna yao na kulirudia mara mbili: boda, boda! Inasimuliwa kwamba hayo yalianza katika miaka ya 1960 na kuenea katika miaka ya 1970. Tangu hapo baiskeli imegeuka pikipiki, na neno limefika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, katika mitaa iliyo mbali kabisa na mpaka wo wote. Leo mtu wa mji mkuu hupanda boda boda kwenda sokoni na kurudi, wala hajui kwamba kila safari anatangaza kuwa anavuka kwenda nchi nyingine. Kama huo si mchezo mzuri wa lugha, sijui mchezo ni upi. Wala hakuna tuzo iliyopata kutolewa kwa ajili yake.

Mwezi wa Februari mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi huko Busia kituo cha pamoja, ili msafiri asikaguliwe mara mbili. Hata hivyo kungoja hakujakoma, wala hakuwezi kukoma mpakani. Pale Malaba madereva wa malori wamejua kwa miaka mingi maana ya foleni. Mtu aliyesimama katika foleni ana mambo mawili ya kufanya: kukasirika au kusimulia. Wengi husimulia. Masimulizi hayo ni shule ya bure ya ucheshi, kwa kuwa msimulizi asiyechekesha huachwa akizungumza na gurudumu lake.

Lakini hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa si kila kinachochekesha ni chema. Wazee wetu walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Mahali penye makabila mengi, lugha nyingi na nchi mbili, kicheko chaweza kuwa daraja, na chaweza kuwa panga. Kwa hiyo mhakiki wa maandishi ya kuchekesha hawezi kutosheka na kuuliza, "Je, nilicheka?" Lazima aulize na swali la pili: "Gharama ya kicheko hiki ameilipa nani?"

Tuchukue mfano. Tuseme wanafunzi wawili wa mpakani wameambiwa waandike insha ya kuchekesha. Wa kwanza aandika juu ya mama muuza ndizi atokaye ng'ambo, asiyejua Kiswahili sawasawa. Kila mstari ni kosa la mama huyo: hapa amesema "kitabu yangu," pale amesema "mtoto zangu." Darasa litacheka. Lakini litakuwa limejifunza nini ambacho halikukijua? Limejua tu kwamba mgeni ni mgeni. Na kama mtoto wa mama huyo yumo darasani, siku hiyo atajifunza kunyamaza.

Mwanafunzi wa pili aandika juu ya mama yule yule, amesimama mbele ya karani mwenye tai. Mama asema kwa haraka, "Kitambulisho yangu iko hapa." Karani, ambaye anapenda kufundisha, akunja uso: "Si kitambulisho yangu! Ni kitambulisho changu! Kiswahili kina sheria zake, mama. Haya, lete hiyo kitambulisho hapa!" Mama amtazama kidogo, amnyoshea mkono, amwambia kwa upole, "Hicho ndicho hiki, mwanangu."

Insha ya pili yachekesha kama ya kwanza, na pengine zaidi. Lakini ndani yake kuna ukweli. Inatuonyesha kwamba mwenye cheo hufundisha sheria asiyoifuata, na kwamba mnyonge huelewa upesi kuliko adhaniwavyo. Tena haikumtukana karani. Imemwacha na tai yake na kazi yake. Imemwondolea kiburi tu, na kiburi si kiungo cha mwili, hakimuumi mtu kikiondolewa. Lugha nayo imefanya kazi. Yale maneno manne ya mama hayangeweza kuchekesha kwa lugha nyingine, kwa kuwa nguvu yake yote imo katika ngeli ya Kiswahili. Kama ningekuwa mwamuzi, ningempa mwanafunzi wa pili zawadi, na wa kwanza ningemwita pembeni nikazungumza naye.

Jambo hili si geni kwetu. Katika Tanzania kuna utani baina ya makabila, kama vile kati ya Wachaga na Wapare. Mtani aweza kukuambia maneno ambayo mtu mwingine akiyasema mtapelekana barazani. Lakini utani una kanuni zake. Ni wa pande mbili: ukinitania leo, kesho nakutania. Tena mtani ana wajibu. Siku ya msiba ndiye afikaye kukusaidia, na hata hapo huwatia wafiwa kicheko ili moyo upate nafuu. Kwa hiyo utani ni kicheko cha watu wanaohusiana, wala si mawe yanayotupwa kutoka ng'ambo ya ukuta. Mwandishi wa kuchekesha aliye bora ni mtani wa jamii yake. Hupokea kama atoavyo, na kwa kawaida huanza kujicheka mwenyewe.

Kwa kipimo hiki na tumrudie Mutahi. Sifa yake kubwa ni kwamba aliyechekwa zaidi ya wote katika makala yake alikuwa Whispers. Mwongo ni yeye, mwoga ni yeye, mlevi ni yeye, na anayeshikwa na aibu mwishoni ni yeye. Kwa kujitoa hivyo mbele, alipata haki ya kuwacheka wengine, na wengine wakampa haki hiyo bila kinyongo. Lakini mhakiki mwaminifu hasifu tu. Thatcher, mke hodari, alichekesha wasomaji kwa kuwa walidhani mwanamke mwenye amri nyumbani ni kioja. Kicheko chenyewe kilimwangukia mume, ndiyo. Lakini kilisimama juu ya dhana ambayo msomaji wa leo, hasa msichana, ana haki ya kuipinga. Na katika How to be a Kenyan, huyo Mkenya anayeelezwa naona mara nyingi ni mtu wa Nairobi na viunga vyake. Msomaji wa Malaba ataitambua tabia moja au mbili, kisha atauliza, "Na sisi tuko wapi?" Swali hilo si lawama kwa marehemu. Ni nafasi aliyowaachia wengine.

Magharibi ya Kenya imekwisha kutoa mfano mwingine wa kicheko chenye uzito. Francis Imbuga, aliyezaliwa Maragoli mwaka 1947, alitoa mwaka 1976 mchezo wake Betrayal in the City, unaojulikana kwa Kiswahili kama Usaliti Mjini. Na mwaka 1977 ulipelekwa Lagos kuiwakilisha Kenya katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Ndani yake yumo Mulili, askari mjinga ambaye amepata nguvu kwa kuwa ni jamaa ya mtawala. Kiingereza chake kimevunjika, na watazamaji hawawezi kujizuia. Lakini kadiri mchezo unavyoendelea twaona kwamba mtu tunayemcheka ndiye awezaye kuwaangamiza watu kwa neno moja. Kicheko chakwama kooni. Yumo pia Jusper, kijana adhaniwaye kuwa na wazimu, na kwa sababu hiyo husema yale ambayo wenye akili timamu wanaogopa kuyasema. Imbuga alijua kwamba watawala wengi huweka walinzi kwenye mlango wa hasira, na husahau kuuwekea walinzi mlango wa mzaha.

Huenda mtu akaleta hoja kwamba kicheko hakidumu, kwamba mzaha wa mwaka huu hauna ladha mwaka ujao. Ni kweli kwa mzaha uliotegemea habari za siku moja. Lakini hadithi za Abunuwasi na za Sungura zimesimuliwa kizazi baada ya kizazi, na watoto bado wanacheka. Kinachodumu ni kicheko kilichojengwa juu ya tabia: tamaa, woga, majivuno, unafiki. Hayo hayajatoka duniani, na mchekeshaji hana hofu ya kukosa kazi. Mwingine atasema kwamba waamuzi hawataweza kukubaliana, kwa kuwa kila mtu hucheka yake. Lakini je, katika vitabu vya huzuni wanakubaliana? Wale wa Uingereza hawakukubaliana juu ya kitabu hata kimoja mwaka 2018, na tuzo yao haikufa. Iliongezeka heshima.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Tuzo iliyobeba jina la Wahome Mutahi yafaa iwe na fungu moja, angalau moja, la maandishi ya kuchekesha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ambalo sharti lake ni kicheko, na kipimo chake ni ukweli ulio ndani ya kicheko hicho. Waamuzi wasichaguliwe wote kutoka mji mkuu. Aketi pamoja nao mtu aliyewahi kungoja Malaba, aliyewahi kuuza au kununua Busia, ajuaye kwamba Mkenya ana namna nyingi za kuwa Mkenya, na moja ya hizo ni kuwa na shangazi katika nchi za kigeni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Na kwenu ninyi mnaosoma insha hii darasani, nina neno la mwisho. Katika kila darasa yuko mmoja ambaye wenziwe humtazama kengele ikilia, kwa kuwa wanajua atasema jambo. Mara nyingi huyo huambiwa kwamba anapoteza wakati, na akipewa kalamu huandika insha ya yatima, mafuriko na mazishi, kwa kuwa amegundua kwamba hizo ndizo zipatazo alama. Asiache kuandika juu ya huzuni kama anayo. Lakini asione haya juu ya kipawa chake. Na aende sokoni Jumamosi, asimame kando, asikilize watu wanavyopatana bei kwa lugha tatu na fedha za nchi mbili. Akirudi nyumbani ayaandike aliyoyasikia. Akimaliza na ajiulize maswali mawili tuliyoyataja: nimesema kweli gani, na gharama ya kicheko ameilipa nani? Kama jibu la la pili ni "mimi mwenyewe, au mwenye nguvu kuliko mimi," basi na aipeleke insha yake kwa mwalimu bila hofu. Yule mama wa kitambulisho hakushinda tuzo yo yote, lakini karani alimwandikia ruhusa, akapita.